Taa Iangalie Magari

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja kama kawaida yao ilikuwa Jumanne, na waliianza kwa mayai.

Mama Vifaranga alikuwa amejifunika blanketi zito la kijivu, kichwani mpaka magotini, amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba kama mzigo uliosahauliwa na wenyewe. Ndani ya blanketi alikuwa na tochi, kopo la maziwa lililotobolewa tundu, na kapu la mayai kumi na manne. Nje ya blanketi alikaa mumewe, Fundi viatu, ameshika kipande cha mkaa. Kazi hiyo waligawana tangu walipooana. Mke anaweka yai juu ya tundu la kopo, mwanga wa tochi unapenya ndani ya yai, anaona kama kuna kifaranga au hakuna. Anaita. Mume anapokea yai, na likiwa tupu analichora mkato wa mkaa ili kuku asirudishiwe.

"Lina mtu," sauti ikatoka ndani ya blanketi.

Mkono ukachomoza na yai. Fundi akalipokea.

"Lina mtu. Na hili lina mtu, tena mkorofi, anatikisa nyumba."

"Kama binti yako."

"Akiwa mkorofi ni binti yangu. Akituma sukari ni binti yako. Pokea yai, mkono unaniuma."

Fundi akapokea, anacheka kimoyomoyo.

"Halina mtu. Halina. Hili nalo halina. Matupu yamefika mangapi?"

"Sita."

"Sita katika kumi na manne! Zamani yakiharibika mawili nalalamika wiki nzima."

Alijifunua. Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kidevuni, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyezama akaibuka. Jua lilikuwa limeshachomoza. Miaka yote kazi hiyo waliifanya jioni, giza likishaingia, madirisha wazi, bila blanketi wala jasho. Sasa giza halikuingia tena nyumbani kwao. Taa za yadi ya magari zilikuwa zimelifukuza.

Walikunywa chai. Mama Vifaranga akanawa uso, akavaa viatu vyake vya ngozi ya kahawia alivyoshonewa na mumewe, vilivyobadilishwa soli mara nne. Akachukua mwavuli mwekundu wenye picha ya gari.

"Leo pumzika, mama," Fundi akamwambia. "Hicho kifua hakijatulia."

"Nikipumzika mimi, na wao watapumzika."

Akaenda. Ilikuwa Jumanne ya kumi na tano anakwenda ofisi ya yadi kudai giza lake.

Alirudi jua likiwa utosini. Fundi alikuwa kwenye meza yake ya kazi, kibarazani, anashona kiatu cha mwanafunzi. Mama Vifaranga akaketi kwenye ngazi, akavua viatu, akanyamaza. Kunyamaza hakukuwa desturi yake.

"Wamesemaje huko?"

"Wamesema yao."

"Na wewe?"

"Na mimi nimesema yangu." Akamgeukia. "Hebu lete mkono."

"Upi?"

"Wa kazi."

Fundi akaweka kiatu chini, akampa mkono wa kulia. Mkewe akakamata kidole gumba, akakigeuza huku na huku. Kidole hicho kilikuwa na kovu. Kisu cha kukatia ngozi kilikipasua wakati Fundi bado mwanagenzi, na kovu likabaki limekigawa katikati, kuanzia ncha mpaka kwenye kiungo. Mama Vifaranga akaingia ndani, akatoka na kikopo cha mafuta ya kujipaka, akakipaka kidole kile polepole mpaka kikang'aa. Halafu akacheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Nacheka uzee. Kidole kimekauka kama ubao."

Hayo tu. Kesho yake hakuinuka kitandani. Alhamisi, saa tisa mchana, mganga wa zahanati bado anatafuta mshipa, akakata roho. Mganga alisema moyo ulikuwa umechoka. Kilichouchosha hakukisema, na Fundi hakuuliza.

Swali alilobaki nalo Fundi lilikuwa jingine, nalo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hayo waliyosema wa yadi yalikuwa yapi? Na kwa nini siku ile, kati ya viungo vyote vya mwili wake, mkewe alishika kidole kile?

Maana kidole kile kilikuwa na siri.

Mama Vifaranga hakusoma hata darasa moja, na Fundi vilevile. Mama alilelewa na shangazi yake. Alipofika miaka tisa alipelekwa kwa jirani kumlea mtoto mchanga, na mwaka ulipokwisha akapewa kuku jike mmoja mwenye jicho bovu. Watu wakamcheka. Kuku akataga mayai kumi na moja, akaangua tisa. Tisa hao ndio waliomzaa Mama Vifaranga. Tangu hapo hakuwahi kulala nyumba isiyo na kuku. Alijua ukoo wa kila kuku wake kama watu wanavyojua ukoo wa wakwe zao: huyu bibi yake alikuwa mwizi wa mtama, yule mama yake alikuwa hodari wa kuatamia, huyu hana ukoo, aliokotwa. Wenye kuku mtaa mzima walimletea mayai awasomee. Akiwaambia hakuna mtu, hakuna mtu. Mmoja aliwahi kubisha, akasema pengine jogoo wake mgonjwa. "Jogoo wako mzima," Mama Vifaranga akamwambia, "ila nyumba nzima ana mke mmoja tu anayempenda, na huyo si mwenye mayai haya." Watu walicheka mpaka wakashika kuta.

Kwa Fundi alifika akiwa msichana, na kiatu kimoja mkononi.

"Kingine kiko wapi?" Fundi akamuuliza.

"Nimekipeleka kwa fundi wa pale njia panda. Nataka kujua nani hodari kati yenu."

Fundi alikishona kiatu kile kama anashona cha rais. Siku ya kukichukua, msichana akaja na kile cha pili, uzi umeshaanza kulegea.

"Mwenzako kashindwa," akasema. "Fumua, ushone upya."

Baada ya miezi minne wakaoana. Binti yao mmoja alisomeshwa na vifaranga mpaka akawa muuguzi mji mwingine. Mabati ya nyumba ni vifaranga. Kitanda ni vifaranga. Fundi alipenda kuwaambia watu kwamba na yeye mwenyewe ni mali ya vifaranga, kwa kuwa suti ya harusi aliazimwa na mtu aliyelipwa majogoo mawili.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na uwanja wa majani. Jioni giza la uwanja ule lilikuja taratibu mpaka dirishani. Mama Vifaranga alilipenda. Wengine walifunga madirisha mapema. Yeye aliyaacha wazi, akaketi na kopo lake na mayai yake. Aliona mishipa midogo ndani ya yai, aliona kidoa cheusi kinachoruka, akajua huyu ni mzima, huyu anakata tamaa. Nje ya giza hakuona kitu. Ilikuwa kazi ya giza, kama vile ya kinyozi ilivyo kazi ya wembe.

Kisha wakaja watu wawili wenye kofia ngumu na faili.

Siku hiyo Mama Vifaranga alikuwa amekwenda sokoni na makreti yake. Fundi alikuwa kibarazani, peke yake.

"Mzee wetu, hapo nyuma yako tunajenga yadi ya kuuzia magari," mmoja akamwambia. "Kutakuwa na ukuta, walinzi, taa. Wezi wote watahama mtaa huu."

"Taa ni jambo jema," Fundi akasema.

"Basi tuwekee kidole hapa. Kwamba majirani hamna pingamizi, mmekubali na mataa yake."

Akaweka. Wino mweusi, kidole gumba cha kulia. Kwa sababu ya kovu, alama ilitoka vipande viwili, kama kwato ya mbuzi. Wale watu wakaitazama wakacheka, Fundi naye akacheka. Wakampa mwavuli mwekundu wenye picha ya gari.

Mkewe aliporudi alimwambia habari za mwavuli. Habari za karatasi hakumwambia. Hakuficha, hakuona kama ni jambo la kusemwa. Karatasi kwake zilikuwa vitu vya kupita, kama upepo.

Miezi minane ikapita. Ukuta ukasimama, magari yakapangwa mistari kama meno, na nguzo nne ndefu zikachomekwa, kila moja na taa kubwa kichwani. Jioni taa zilipowashwa mara ya kwanza, mtaa mzima ulitoka kushangaa. Watoto walicheza mpira, akina mama walichambua mchele nje, mtu mmoja akasema sasa na sisi tumekuwa mjini. Saa zikaenda, watu wakaingia kulala. Taa hazikujua kwamba watu wameingia kulala.

Moja ya nguzo zile ilisimama hatua kumi kutoka dirisha la chumba chao. Mama Vifaranga alitundika blanketi dirishani. Juu ya dirisha kulikuwa na matundu ya hewa manane, akapanda kiti kuyaziba kwa vitambaa, Fundi amemshikia kiti.

"Huyo aliyewakubalia watu hawa," mkewe akasema huko juu, kitambaa mdomoni, "namwombea jambo moja. Naye alale macho wazi mpaka afe."

Alisema huku anacheka. Fundi hakucheka. Ulimi wake uliingia uzito kama soli ya buti. Alikuwa na nafasi ya kusema palepale, kiti mikononi. Akaiacha ipite. Siku ya pili kusema kulikuwa kugumu zaidi, na baada ya mwezi kukawa hakusemeki.

Tundu moja la hewa waliliacha wazi, kwa ajili ya kifua cha mama. Kwa tundu hilo mwanga uliingia na kutua juu ya mto wake, mraba mweupe wa ukubwa wa kitambaa cha mkononi. Walijaribu kugeuza kitanda, mlango ukakataa kufunguka. Mama Vifaranga akaupa ule mraba jina.

"Mpangaji keshaingia," anasema akipanda kitandani. "Hata hodi habishi."

"Tubadilishane upande, mama."

"Wewe unashika sindano mchana kutwa. Usipolala utajichoma, na mimi sishoni viatu. Lala."

Akageuza uso ukutani, mpangaji akambakia kisogoni.

Jogoo ndiye aliyechanganyikiwa wa kwanza. Aliwika saa tatu, akawika saa sita, akawika saa nane, mpaka jirani akaomba auziwe huyo jogoo amchinje kwa mkono wake. Wakanunua mwingine, naye akaingia wazimu uleule. Kuku waliokuwa wakiatamia wakawa wanainuka kwenda kula katikati ya usiku, wakidhani kumekucha, na nyuma yao mayai yanapoa.

Wenye nyumba nao hawakuachwa. Hawakuwa na saa. Miaka yote waliamka kwa mwanga na jogoo. Siku moja waliamka, wakanawa, wakanywa chai, mama akafungua kuku, Fundi akatoa meza yake kibarazani, akapanga viatu, akaketi kungoja wateja. Akangoja sana. Barabara ilikuwa tupu. Mlinzi wa yadi akachungulia juu ya ukuta.

"Mzee! Saa nane na nusu usiku hii. Unamshonea nani, majini?"

Walirudi ndani wanacheka mpaka machozi. Kisha kicheko kikaisha, na wakabaki wamekaa kitandani na nguo zao za kazini, wakingoja kuche kweli.

Hapo ndipo Mama Vifaranga alipoanza Jumanne zake. Jumatatu ilikuwa ya soko, Jumatano ya kusafisha banda, Jumanne akaitoa kwa yadi. Alikwenda na mwavuli uleule mwekundu, maana ndio uliokuwapo, na kila alipoufungua mlangoni Fundi alihisi kama anafunguliwa yeye. Meneja alikuwa kwenye kikao Jumanne zote. Aliyempokea alikuwa karani, binti mpole mwenye miwani, aliyeyaandika maneno yake katika daftari la malalamiko.

"Sikwambii uzime," Mama Vifaranga alimwambia. "Nakwambia inamisheni hiyo taa. Iangalie magari yenu, isiniangalie mimi. Andika hivyo."

Karani akaandika.

"Haya, nisomee."

Karani akasoma: mlalamikaji anaomba taa ielekezwe upande wa pili.

"Nani kaomba? Mimi sikuomba. Futa, uandike nilivyosema."

Tangu siku hiyo karani aliandika neno kwa neno. Mama Vifaranga alimsimulia mumewe yote hayo jioni, anamwigiza karani anavyosukuma miwani. "Magari yenyewe yamefumba macho yanalala," alisema, "halafu mimi na wewe ndio tunayakeshea." Na Fundi aliitikia, na kila alipoitikia alikihisi kidole chake kinamwasha.

Sasa mkewe alikuwa kaburini, na giza lote alilolidai analo huko.

Binti alikaa siku kumi. Alifua, akapanga, akampikia baba yake vya siku tatu.

"Baba, twende kwangu."

"Na kuku?"

"Baba, kuku ni kuku."

"Mwambie hivyo mama yako," Fundi akasema, kisha akakumbuka. Binti akatoka nje kulia.

Alipobaki peke yake, jambo la kwanza alilofanya ni kulishusha lile blanketi la dirishani. La pili, alitoa vitambaa kwenye matundu ya hewa, kimoja kimoja. Hakuweza kulala gizani bila kusikia pumzi ya pili. Mpangaji alikuja na ndugu zake saba wakajaa chumbani, lakini yeye wa zamani alitua palepale, juu ya mto wa mama. Mto ulikuwa bado umebonyea. Hakuubadilisha foronya. Katika mwanga ule aliona unywele mmoja mweupe umelala juu ya kitambaa, unametameta. Alilala kwenye ukingo wa kitanda, uso kwa ule mto, macho wazi. Alikumbuka dua ya mkewe juu ya kiti. Ilikuwa imejibiwa.

Jambo moja tu lilimtesa, na lilikuwa hilohilo. Kama waliitoa ile karatasi siku ile ya mwisho, basi mkewe aliijua. Kusoma hakujua, lakini alama ile ya kwato angeitambua hata gizani. Na kama aliijua, basi alilala siku mbili za mwisho za maisha yake ubavuni mwa mtu aliyemuuzia giza lake kwa mwavuli, na akafa hajamwambia kitu. Fundi alikuwa radhi atukanwe. Angetukanwa angejua la kufanya.

Mayai alijaribu kuyasoma mwenyewe. Alijifunika blanketi, akawasha tochi, akaweka yai juu ya tundu. Kila yai aliloliweka aliliona lina mtu. Aliona kitu kinatikisika ndani ya kila moja, akawarudishia kuku yote, na nusu yakaoza. Mara moja alipokuwa ndani ya blanketi alitamka "lina mtu" kwa sauti, akatoa mkono nje na yai, akangoja lipokelewe. Mkono ulikaa hewani muda mrefu.

Mwezi wa pili tangu mazishi, mlinzi wa yadi akachungulia ukutani.

"Mzee, shikamoo. Karani anakuita ofisini. Kesi ya mama imejibiwa. Watakuja na ngazi ndefu kuinamisha taa na kuivika kofia, lakini wanataka kidole cha mwenye nyumba."

"Marahaba. Nitakwenda."

Hakwenda. Wiki ikapita. Alijua faili litafunguliwa, na ndani yake kuna nini. Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo asingemwambia mtu. Taa ikivikwa kofia, mpangaji ataondoka. Mto utabaki gizani kama mto mwingine wowote.

"Mzee, vipi?" mlinzi akamwita tena. "Mama amekwenda pale Jumanne kumi na tano. Wewe hata moja?"

Maneno hayo yalimpata penyewe. Jumanne iliyofuata alivaa viatu, akatia kwapani ule mwavuli mwekundu, akatoka. Hapakuwa na mvua wala jua kali. Alitaka kuwarudishia.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha vioo, feni inazunguka, kalenda zenye magari ukutani. Karani aliinuka alipomwona.

"Shikamoo, babu. Nimekujua kwa mwavuli." Akasita. "Pole sana. Nilimzoea. Jumanne ya kwanza asiyokuja nilijua kuna jambo."

"Marahaba, mwanangu. Mwavuli wenu huo."

"Wetu? Si wa mama?"

"Ulikuwa wangu. Nauacha."

Karani hakuelewa, akauegesha kando ya meza. Akafungua faili. Karatasi ya juu ilikuwa mpya, nyeupe. Alipoisogeza, ile ya chini ikachungulia, na Fundi akaiona kabla hajaambiwa kitu. Kwato ya mbuzi. Nyeusi, wazi, kama imewekwa jana.

Akaketi.

"Hiyo," akasema, na sauti yake hakuitambua. "Hiyo ya chini. Mke wangu aliwahi kuiona?"

Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Niambie, mwanangu. Mimi mtu mzima."

"Aliiona, babu. Jumanne ile ya mwisho. Meneja alinituma nimwonyeshe kwamba nyumba yake yenyewe ilikubali, ili asije tena. Mimi sikutaka."

"Alifanyaje?"

"Aliichukua. Akaiinua juu, akaielekeza dirishani, mwanga upite kwa nyuma." Karani akainua mikono kuonyesha, na Fundi akaujua ule mkao, vidole viwili chini, kichwa kimeinama upande. Ndivyo alivyoshika mayai. "Akaiangalia hivi, muda mrefu. Halafu akacheka."

"Akacheka."

"Ndiyo, babu. Kisha akasema maneno, akanisimamia niyaandike. Nilipoyapeleka kwa meneja aliyasoma mara mbili. Wiki ya pili akaagiza fundi wa taa."

Fundi alitazama ukutani. Feni ilizunguka. Nje, mtu alikuwa anaosha kioo cha gari ambalo tayari lilikuwa safi. Fundi alifikiria ule mraba mweupe juu ya mto, na unywele unaometa ndani yake. Alifikiria leo jioni, na kesho jioni.

"Lete wino," akasema.

"Hutaki kwanza nikusomee alichosema?"

"Kwanza lete wino. Hili alilitaka yeye. Alichosema juu yangu, kiwe kizuri kiwe kibaya, kisiligeuze."

Karani akafungua kidau cha wino. Fundi akachovya kidole gumba, akakibandika mahali alipoonyeshwa, akakandamiza kama anavyokandamiza soli yenye gundi, mpaka akahesabu moyoni kumi. Akakiinua. Kwato ya pili, chini yake kwato ya kwanza, zinafanana.

"Haya," akasema. "Sasa nisomee."

Karani akachukua daftari la malalamiko, akalifungua mwishoni mwishoni, akaweka kidole chini ya mstari.

"Mengine ni kwamba nisikwambie," akasema. "Lakini alinifundisha nisiruke neno."

"Usiruke."

Karani akasoma polepole, na sauti yake yenyewe, bila kujua, ikawa inamwiga Mama Vifaranga:

"Kidole hiki nakijua, mwanangu, kimenishonea viatu miaka arobaini na moja. Mwenyewe kinamla moyo, anadhani sijui, na wewe usimwambie kwamba nimekiona. Nyinyi inamisheni taa yenu, mzee wangu apate kulala."